Mti wa Utu: Maswali ya Wasomaji kuhusu Upweke katika Ushairi wa Kisasa

Barua nyingi zilizotufikia miezi hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kwa nini ushairi wa kisasa wa Kiswahili una watu wengi wapweke, waliochoka, wasio na uhakika kama maisha yana maana yoyote. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu inagusa kiini chenyewe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, Mwanza. Katika semina tulisoma mashairi kadhaa ya Euphrase Kezilahabi kutoka diwani ya Kichomi. Mwenzetu aliyewasilisha mada alidai kwamba upweke ulio katika mashairi hayo ni udhanaishi ulioagizwa kutoka Ufaransa, na kwamba Mwafrika aliyekulia kijijini hajui mambo ya aina hiyo. Nilitaka kupinga lakini sikuwa na hoja. Je, anasema kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako ana sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo tusimnyime. Wahakiki wengi wameonyesha jinsi riwaya ya Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974 sawa na Kichomi, inavyokaribiana na mawazo ya udhanaishi ya waandishi wa Ufaransa Albert Camus na Jean-Paul Sartre: kwamba dunia haimpi binadamu maana iliyo tayari, kwamba kila mtu hana budi kujichagulia njia, na kwamba kifo kinamsubiri mwishoni bila maelezo. Kudai kwamba mawazo hayo hayakumgusa Kezilahabi kungekuwa kumdharau, kwa kuwa alikuwa msomi makini aliyesoma mapana. Mwenzako anapotea katika hatua ya pili, pale anapodhani kwamba mtu akikutana na wazo kitabuni, basi na maumivu yaliyomfanya alishike wazo hilo nayo yametoka kitabuni.

Yatazame maisha yaliyozaa mashairi hayo. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ambako watu huzungumza Kikerewe. Shule ilimtoa kisiwani ikampeleka seminari ya Nyegezi, karibu na hapo ulipo wewe, mahali ambapo kijana hufundishwa kuichunguza nafsi yake siku kwa siku mbele ya Mungu. Mwaka 1967 akaingia chuo kikuu, Dar es Salaam. Usiupite mwaka huo haraka. Februari 1967 ndipo lilipotangazwa Azimio la Arusha, na Machi ukafuata waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambamo Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mfumo wa shule tuliorithi ulikuwa unamtenga kijana na jamii yake na kumfanya ajione bora kuliko wazazi wake wakulima. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Kwa hiyo kijana huyu wa Ukerewe alifika chuoni wakati taifa zima lilikuwa likizungumza, kwa sauti kubwa, kuhusu kosa la msomi kutengana na watu wake. Kwa kizazi kile, ukengeushi, yaani hali ya mtu kutengana na watu wake, ulikuwa shitaka kabla haujawa mada ya falsafa.

Sasa soma tena shairi la "Dhamiri Yangu" ukiwa na habari hizo kichwani. Msemaji anasema dhamiri imemfunga shingoni, naye yuko kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti wa utu. Kamba ni fupi. Amekwisha kuzunguka mpaka akachora duara, amekula majani yote aliyoweza kuyafikia, na mbele yake anaona majani mengi asiyoweza kuyagusa. Picha hii mtu haiagizi kutoka Paris. Ni picha ya mtu aliyeona mbuzi wamefungwa kambani, akaona ardhi tupu inayobaki pale mnyama alipozunguka tangu asubuhi, na akajua ni kwa nini wenye mifugo hufanya hivyo: mbuzi aliyeachwa huru huingia katika shamba la jirani.

Mlinganishe mbuzi huyo na watu wa ushairi wa kisasa wa Ulaya. Katika The Waste Land, shairi la T. S. Eliot la mwaka 1922, umati wa watu unavuka London Bridge katika ukungu wa alfajiri ya kipupwe, kila mmoja amekaza macho mbele ya miguu yake. Kabla yake, Charles Baudelaire alikuwa amekwisha kuandika juu ya batamaji aliyetoroka kizimbani mwake akawa anatafuta maji katika vumbi la Paris, mji ambao wakati huo ulikuwa unabomolewa na kujengwa upya. Upweke wa mashairi hayo ni upweke wa kiumbe aliyeachwa: kilichokuwa kikimshikilia kimekatika, na mji unampita bila kujua jina lake. Mbuzi wa Kezilahabi hajaachwa na mtu yeyote. Dhiki yake inatoka upande wa pili kabisa, kwa sababu amefungwa kwenye jambo analoliheshimu. Mti wenyewe unaitwa utu. Angeweza kutamani kamba ikatike, lakini anajua kwamba siku itakapokatika atageuka mharibifu wa mashamba ya watu. Anaumia kwa kuwa bado ni wa watu, na elimu yake imemwonyesha majani ya mbali bila kumpa ruhusa ya kuyala peke yake.

Kamba hiyo inarudi katika "Kisu Mkononi", shairi ambalo huenda ndilo linalosomwa zaidi katika diwani ile. Miaka inaibwa mmoja mmoja. Msemaji hawezi kurudi nyuma, hawezi kusimama, wala hawezi kupiga mbio, bali anajiviringisha kama gurudumu kwenye mteremko mkali, huku mbele kukiwa na chui mweusi na nyuma kukiwa na mwanga unaomwonyesha mabaki ya matumaini yake. Kisu kimo mkononi. Semina nyingi huishia hapo, zikaandika "kukata tamaa" ubaoni na kuhamia shairi linalofuata. Lakini shairi halijaishia hapo. Msemaji anakata shauri: ya nyuma sana hatayajali, na ya mbele atayakabili. Atazunguka kwa ujasiri na uangalifu, akifuata kamba kama ng'ombe aliyefungwa, na kila mpigo wa moyo wake atausikia kama muziki wa maisha. Tafadhali uone jinsi anavyoitaja kamba katika saa ile ya kuamua kuishi. Kifaa kilichombana katika shairi la kwanza ndicho anachokishika hapa ili asidondoke.

Katika Kichwamaji, Kazimoto, kijana msomi aliyeshindwa kurudi katika maisha ya kwao na kushindwa pia kujitengenezea mengine, anajiua. Riwaya na diwani zilitoka mwaka mmoja, kwa mkono mmoja, na zinatoa majibu mawili. Mimi naamini ni kwa makusudi: riwaya inamfuata mtu aliyejitoa katika kila kifungo mpaka mwisho wa njia hiyo, na mashairi haya mawili yanakaa na yule anayebaki kifungoni huku akijua kwamba kinaumiza. Camus alimchukua Sisyphus, mtu anayesukuma jiwe mlimani peke yake milele, akatuomba tumwone kuwa mwenye furaha. Kezilahabi hakuomba furaha, wala hakumweka mtu wake peke yake mlimani. Hoja yako kwa mwenzako iwe hiyo: swali limefanana na la Ulaya, ila aliyeulizwa alikuwa mtu mwingine, na alijibu kwa yale aliyokuwa nayo.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mzee wa Pangani, na nimekuwa mtunzi wa mashairi ya magazetini tangu ujana wangu. Kwa maoni yangu kiza hiki kililetwa na hao walioacha vina na mizani. Aliyebomoa nyumba yake asishangae kulala nje. Wazee wetu walikuwa na majonzi, lakini hawakupotea. Mbona wataalamu hamlisemi hili waziwazi?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Nitalisema waziwazi, ingawa sidhani jibu langu lote litakuridhisha.

Mgogoro unaoutaja una historia ndefu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwa wengi kitabu kile kikawa mzani wa kupimia lililo shairi na lisilo shairi. Kichomi kilipotoka miaka 20 baadaye, mtunzi wake alieleza katika utangulizi kwamba alitaka kutumia lugha ya mazungumzo ya kila siku, na hapo ndipo moto ulipowaka hasa kati ya wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na wanamabadiliko, walioviacha. Maneno makali yalisemwa pande zote mbili, mengine ya kuumiza, hadi kuhojiana nani mwenye lugha hii na nani mgeni wake.

Ila kwamba vina na mizani humkinga mtunzi asifike kwenye kiza, hilo ushahidi wa mapokeo yetu wenyewe unalikataa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa kale wa Al-Inkishafi, alisimama mbele ya magofu ya mji wa Pate, akaona kumbi zilizokuwa za mazungumzo na taa zimebaki za wadudu wanaolia, na waliokuwa wakitembea kwa madaha wamelala chini ya mchanga. Hakumsuta jirani yake. Aliusuta moyo wake mwenyewe: "Moyo wangu, nini huitabiri?" Kisha akauliza, "Huyui dunia ina ghururi?" Beti zile zina mizani iliyokamilika, na kina cha mwisho hakibadiliki kutoka ubeti hadi ubeti, lakini mtu anayezisoma kwa makini usiku hapati usingizi kwa urahisi. Tofauti yake na Kichomi haipo katika umbo. Sayyid Abdalla anaugombeza moyo wake akijua pia ni kwa Nani ataupeleka. Msemaji wa "Kisu Mkononi", aliyelelewa na mtunzi aliyepita seminari, anaita maisha kafiri na hataji wa kumpelekea. Hapo ndipo pametokea badiliko kubwa, na lingetokea hata kama angetunga kwa mizani 16.

Ushahidi wa pili uko karibu zaidi na umri wako. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mvita (Mombasa), alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi chenye kichwa Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972. Muda mwingi alifungiwa peke yake. Mashairi aliyoyatunga humo, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni kwa kuwa hakuruhusiwa kupata nyingine, yalichapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Hapa hatuzungumzii upweke wa kuwaza. Huu ni upweke wa kuta nne, na ameuandika kwa vina na mizani vya Mvita bila kupunguza hata kimoja. Katika shairi la "Siwati" anaapa kwamba alilolishika hataliacha, hata kama ni kuzikwa nalo. Kwa hiyo, mzee wangu, umbo la zamani liliweza kubeba upweke mzito kabisa wa karne ya 20.

Nina eneo moja ambalo naona umeona mbali kuliko wahakiki wengi, ingawa hukulitaja kwa jina. Shairi la gazetini halikuwahi kuwa la mtu mmoja. Wewe ulitunga, mwenzako wa Tanga au Mombasa akakujibu kwa bahari ileile na kina kilekile, wa tatu akaingia kuamua, na wasomaji wakasubiri toleo lijalo. Sheria zile zilikuwa makubaliano ya watu wanaojuana, na aliyezifuata alikuwa amekwisha kuingia barazani kabla hajasema neno. Aliyeziacha alipata uhuru mkubwa, lakini akapoteza wajibizani. Nani atamjibu kwa umbo lilelile ikiwa umbo lenyewe linaisha pamoja na shairi? Kezilahabi aliacha mizani ili awakaribie watu wa kawaida kwa lugha yao ya kila siku. Matokeo yake, kwa sehemu kubwa, ni kwamba mashairi yake yakasomwa madarasani. Jambo hili linanisikitisha kweli. Silioni kuwa adhabu kwa kosa lake, kwa maana alitafuta watu kwa nia njema, na diwani zake mbili zilizofuata, Karibu Ndani ya mwaka 1988 na Dhifa ya mwaka 2008, hata kwa majina yake zinaendelea kualika wageni.

SWALI: Hujambo Mwalimu. Ninafanya kazi ya uuguzi Ujerumani kwa miaka kadhaa sasa. Nikisoma mashairi mnayoyajadili naona ni ya watu waliotengwa wakiwa kwao. Je, kuna ya sisi tuliotengwa na kwetu?

JIBU: Sijambo, dada yangu, na pole kwa kazi. Yapo. Anza na N'na Kwetu ya Mohammed Khelef Ghassani, Mzanzibari aliyefanya kazi ya utangazaji hukohuko Ujerumani. Diwani hiyo ilipata Tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015 katika ushairi. Ni sauti ya mgeni anayesisitiza kwamba ana kwao. Utaona pia kwamba ameshikilia vina na mizani, na nafikiri ni kwa sababu ile niliyomweleza mzee wa Pangani: mtu aliye mbali na baraza huweza kulibeba katika umbo la ubeti, akatunga kana kwamba wa kumjibu yupo.

Kisha rudi kwa Abdilatif Abdalla. Alipotoka gerezani alihamia Tanzania, baadaye London, na hatimaye Leipzig, ambako alifundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Sauti ya Dhiki inasomeka tofauti kabisa mtu akijua kwamba mlango wa gereza ulipofunguka, alichokutana nacho nje kilikuwa safari hiyo ndefu.

SWALI: Mwalimu, ninafundisha fasihi shule ya sekondari, Machakos. Baada ya kusoma mashairi ya kisasa yenye huzuni, mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha akisema maisha hayana maana. Wazazi wengine wamelalamika na kutaka tufundishe mashairi ya kutia moyo tu. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu mwalimu, katika barua yako kuna mambo mawili, na moja haliwezi kungoja jingine.

La haraka ni mwanafunzi. Usiichukue insha yake kama kazi ya kupewa alama mpaka umekaa naye faraghani na kumuuliza, kwa maneno ya kawaida, kama anaeleza shairi au anajieleza mwenyewe. Muulize pia, bila kuzunguka, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na vijana wengi hufarijika kwamba mtu mzima amethubutu kutamka. Ikiwa ni yeye mwenyewe anayezungumza, usimwache peke yake na jambo hilo wala usilibebe peke yako: mhusishe mwalimu wa ushauri nasaha, mzazi au mlezi anayemwamini, na mhudumu wa afya. Shairi haliwezi kufanya kazi hiyo.

La pili ni wazazi. Wakumbushe kwamba Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi ya mwaka 1971, ambayo mhusika wake mkuu anajiua, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na baada ya miaka ikaidhinishwa kusomwa katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya. Mambo yaliyowatisha watu wakati ule, yaani ukali wa baba, aibu ya binti na ukimya wa nyumba, yalikuwepo majumbani kabla ya kitabu na yaliendelea kuwepo kilipoondolewa. Kijana mwenye huzuni akisoma mashairi ya kutia moyo tu hujifunza jambo moja baya, kwamba huzuni yake haina nafasi katika lugha ya watu wenye akili.

Namna ya kufundisha, hata hivyo, ina uzito mkubwa. Nisingependa mwanafunzi wa miaka 16 apewe nukta za mtihani zinazosema kwamba mshairi fulani "anaamini maisha ni bure", kisha azikariri. Asome shairi lote, kwa sauti, hadi mstari wa mwisho, na aulizwe ni mahali gani msemaji anabadilisha mawazo na ni kitu gani kilichombadilisha. Weka "Kisu Mkononi" pembeni ya "Siwati" katika kipindi kimoja: mmoja yuko huru na anaona amefungwa, mwingine amefungwa kwelikweli na anasema kama mtu huru. Waache wabishane ni yupi mpweke zaidi, na usiwape jibu kabla ya kengele. Ikiwezekana, waalike na wale wazazi waliolalamika waketi nyuma ya darasa siku hiyo, na wao wapewe nakala za mashairi hayo mawili wayasome kabla hawajaja.